Sauti inapokomaa, mwimbaji anaambiwa akae chini

Shule nyingi za sekondari Dar es Salaam zina desturi isiyoandikwa popote: ukifika kidato cha nne, kwaya basi. Mwanafunzi anaingia kambi ya masomo, na mtihani wa Novemba ndio unaompangia siku zake. Walimu wakuu wanaoilinda desturi hii hawauchukii muziki. Shule hupimwa kwa matokeo, na mzazi wa Chanika ana haki ya kuuliza binti yake atapandaje daladala jua likizama baada ya mazoezi, wakati makondakta huwakwepa wanafunzi hata mchana kwa sababu ya nauli yao ndogo.

Lakini tuitazame sauti yenyewe. Kwa wavulana wengi huvunjika kati ya miaka 12 na 16. Nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, na mtoto aliyeimba sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa, shule ya msingi hajui tena noti gani itamtoka. Ihesabu kwa madarasa yetu: misukosuko hiyo inaangukia kidato cha kwanza na cha pili, na sauti ya tatu au ya nne, zile nzito za kiume, aliyojaliwa inaanza kutulia cha tatu kuelekea cha nne. Maana yake tunamjaribu kijana koo likiwa halitabiriki, tunamwandika kuwa hajui kuimba, na sauti ikishatulia tunamfungia mlango. Wasichana nao sauti hubadilika, ingawa kwa upole zaidi, na kukomaa kwake huendelea hata baada ya shule. Ni vipaji vingapi tumevikata hivi, tukidhani havikuwepo?

Watasema jukwaa lipo. UMISSETA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za sekondari, ina kwaya na ngoma, ndiyo, ila wanaofika ngazi ya taifa ni wachache. Kwenye mahafali kwaya humwimbia mgeni rasmi ujumbe wake huku nusu ya ukumbi ikitafuta viti. Makanisa na vikundi vya kaswida vimelea waimbaji wengi wa jiji hili, na vinastahili shukrani. Hata hivyo, kijana anayetaka kusimama peke yake, asikilizwe kwa ajili ya uimbaji wake tu, shuleni hana pa kwenda.

Napendekeza onyesho la muda wa saa moja siku ya Jumamosi, mara moja kila muhula. Waimbaji watano kutoka shule mbili jirani, kila mmoja wimbo wake, bila mshindi wala mgeni rasmi, na saa nane mchana kila mtu awe njiani kurudi nyumbani. Kidato cha nne washiriki muhula wa kwanza, kisha waachiwe mtihani wao. NECTA, Baraza la Mitihani lenyewe, inatahini somo la Muziki kidato cha nne, kwa hiyo kuimba na kufaulu si maadui.

Kigumu ni msimamizi. Mwalimu wa kwaya mara nyingi ni wa Kiswahili au Historia, anafundisha nyimbo baada ya kazi bila posho. Saa hizo zihesabiwe katika vipindi vyake.