Uzi au pesti: kuifungua fizi kabla ya kuchukua kipimo cha jino

Mpaka wa jino lililochongwa kwa ajili ya kofia (kifuniko bandia cha jino), yaani pale uchongaji unapoishia, mara nyingi hujificha chini ya fizi. Daktari wa meno hana budi kuisogeza fizi na kuzuia damu, apate mwanya wa angalau milimita 0.2. Ukiwa mwembamba zaidi, silikoni ya kipimo, ile inayonakili umbo la jino, huchanika inapotolewa.

Uzi unaoshindiliwa kati ya fizi na jino ni nafuu, na ukipanga nyuzi mbili, nyembamba chini na nene juu, utafungua hata mpaka uliozama. Lakini unadai mkono mtulivu na dakika kadhaa za kungoja. Ukishindiliwa kwa nguvu hujeruhi mahali fizi inaposhikana na jino, na fizi nyembamba huweza kushuka isirudi. Pesti ya kaolini (udongo laini mweupe) yenye aluminiamu kloridi, dawa ya kukausha damu, huwekwa kwenye mwanya huohuo na hukaa dakika moja au mbili, kisha huoshwa. Mgonjwa haumii sana na damu hukauka vizuri. Tatizo, haina nguvu ya kufungua mpaka wa kina.

Hapa Dodoma mimi huanza na safari ya mgonjwa. Kipimo kikienda maabara ya Dar es Salaam, kasoro itaonekana mwenyewe akiwa amesharudi Kondoa au Mpwapwa, na nauli ya kurudia inamtoka yeye. Kwa gego ambalo mpaka wake umezama, nyuzi mbili zinastahili muda wake, hata foleni ikiwa ndefu. Kwa wanaotoka maeneo ya Singida yenye floridi nyingi majini, wanaofunika meno ya mbele yenye madoa ya kahawia kwa vigamba vya kauri, mpaka huwa usawa wa ukingo wa fizi. Kushindilia uzi mnene hapo ni kuiumiza fizi bure, pesti inatosha.

Uzi wenye adrenalini ningeuacha kabisa: huweza kupandisha presha na mapigo ya moyo, na wagonjwa wengi hawajui presha zao. Feri salfeti, dawa nyingine, nayo husimamisha damu upesi, ila hutia doa. Dawa yoyote ioshwe vizuri, maana mabaki yake huharibu uso wa silikoni. Hata skana ya kidijitali, inayonakili jino kwa picha badala ya silikoni, haioni kilichofunikwa na fizi.

Fizi ikiwa imevimba kwa ugaga, ningesafisha kwanza, nimvishe mgonjwa kofia ya muda na kumwita tena ikishapona, licha ya nauli yote hiyo.