Mjomba, Hii Siyo Sadaka

Nina pointi 2,150 za blitsi, yaani sataranji ya mbio, mtandaoni. Nataja mapema ili tuheshimiane. Dakika tatu kwa kila mtu, hakuna sekunde za nyongeza, hakuna huruma. Wewe ukikohoa, mimi nimeshasogeza kete mbili. Nimewahi kushinda nikiwa nimebakiwa na mfalme, kitunda kimoja (wengine mnamwita askari) na sekunde moja, huku bwana wa upande wa pili akiwa na malkia wawili na saa iliyokata roho. Kanuni ndivyo zilivyo: saa yako ikiisha na mimi bado nina kete inayoweza kukupa chekimeti (mfalme ashambuliwe asiwe na pa kukimbilia), hata kwa muujiza, umeshindwa. Kitunda kinahesabika maana kinaweza kugeuka malkia. Ningebaki na mfalme mtupu ingekuwa sare. Kwa hiyo kile kitunda nilikilinda kama mboni ya jicho, malkia za watu zikitembea. Yule bwana aliniandikia maneno mawili ambayo siyarudii hapa.

Tatizo ni kwamba pointi zimeganda. Leo 2,150, kesho 2,162, keshokutwa 2,138, kama mgonjwa anayepimwa homa. Ndipo nikaingiwa na wazo ambalo hadi leo nalijutia: nimtafute mtu aupime mchezo wangu.

Nina mpwa wangu, kijana wa sekondari, anayecheza mashindano ya mezani, yale ya kukaa saa nne kimya kama msibani. Blitsi yake mtandaoni ni 1,950. Nikasema huyu hata asiponisaidia, yeye atajifunza kitu.

Akaja, akaamkia vizuri, "Shikamoo, mjomba," tukapanga kete. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu kabla. Kuna mwanafizikia aliyeitwa Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, ndiye aliyetunga mfumo wa pointi ambao shirikisho la dunia, FIDE, liliupokea mwaka 1970. Kwa fomula yake, aliyekuzidi pointi 200 anatarajiwa kuvuna kama asilimia 76 ya alama (ushindi ni moja, sare ni nusu). Michezo minne, basi, mitatu yangu. Tukacheza kwa dakika 30 kila mmoja.

Nikapata nusu. Si michezo miwili na nusu. Nusu. Nayo ni kwa sababu simu ya kijana iliita akaniambia, "Mjomba, tufanye sare, mama ananihitaji." Mama yake ni dada yangu. Sijawahi kumpenda dada yangu kama jioni ile.

"Fomula imeharibika," nikamwambia.

"Haijaharibika, mjomba. Pointi zako ni za dakika tatu. Zinasema unavyowafunga watu wa dakika tatu, kwenye mtandao huohuo. Ukihamia mtandao mwingine zitabadilika, ukihamia mezani zitabadilika zaidi."

Yaani mtu umejenga jina miaka sita, kumbe umejenga juu ya maji.

Akaniambia nimletee michezo 50 niliyoshindwa. Niliyoshindwa! Mimi nilikuwa nimeshamwandalia ile mizuri niliyoshinda, nimeipanga kwa uzuri. Akakataa kuiangalia. Akakataa pia kuwasha injini, ile programu ya kompyuta inayokosoa michezo. Hapo tulikubaliana, maana injini siipendi. Tangu kompyuta imfunge Kasparov, bingwa wa dunia, mwaka 1997 adabu zimepotea kabisa. Unacheza hatua kwa moyo wako wote, mashine inakubandikia alama mbili za kuuliza kama umeulizwa ulikuwa wapi usiku. Lakini sababu yake ilikuwa nyingine. Alisema injini inakuonyesha hatua ipi ni mbaya, haikwambii kwa nini uliipenda. Hilo eti lazima nilitafute mwenyewe kwanza, mashine ije baadaye kusahihisha.

Akafungua daftari. Kila hatua iliyogeuza mchezo akaandika imechukua sekunde ngapi. Hapo ndipo aibu ilipoanza.

Mchezo wa kwanza, hatua ya 9, mpinzani amekula farasi wangu. Kuna kete moja tu inayoweza kurudisha kipigo, kitunda cha b7 (kila kijumba cha ubao kina jina lake la herufi na namba). Moja! Nimetumia sekunde 31.

"Ulikuwa unafikiri nini hapa, mjomba?"

Kusema kweli nilikuwa nafurahia. Nilikuwa nimeona mbele kitu kizuri, nikakaa kukitazama.

Hatua ya 24, ubao umefungamana, ngome zinatazamana, mfalme wangu yuko uchi, mchezo wote uko pale. Sekunde moja. Nikamchomoa malkia nikampeleka kwa askofu kama barua. Kijana akapiga hesabu ya darasa la nne: dakika tatu ni sekunde 180, mchezo wa hatua 40 unakupa sekunde nne na nusu kila hatua, sasa wewe umenunua hatua moja ya bure kwa bei ya hatua saba. Akapekua mingine. Kumbe ni tabia. Panapojulikana nakaa, panapotatiza nakimbia.

Nikamwona anavuta pumzi nikamwahi: "Usinitolee ile methali ya haraka haraka. Huu mchezo umetungwa makusudi kuitukana methali hiyo."

Mchezo wa tano ndio uliovunja ukoo. Askofu wangu anakwenda h7, anakula kitunda, cheki, mfalme wake kashambuliwa! Ile sadaka maarufu, unatoa kete makusudi ili umvamie mfalme. Nikamwambia kijana atulie aone raha. Akanyamaza, kisha akasema kwa upole ule wa daktari, "Mjomba, hii siyo sadaka. Hii ni ajali." Sadaka ya h7, eti, hutaka farasi awe tayari kuruka g5 na malkia awe na njia ya h5. Farasi wangu nilikuwa nimeshambadilisha hatua sita nyuma. Nilikuwa nimevunja mlango wa watu na sijui nimeingia kuchukua nini.

"Lakini imenipa ushindi mara nyingi," nikasema.

"Kwa sababu mwenzio naye ana sekunde nne na nusu."

Sasa hilo ni kosa langu?

Tukafika kwenye ufunguzi. Nikiwa na kete nyeusi silaha yangu ni gambiti ya Englund. Nyeupe anasukuma d4, mimi namtolea kitunda e5, ale tu. Baadaye malkia wangu anatembea hadi b2, na nyeupe akimleta askofu c3 kunifukuza, hatua ambayo mkono wa binadamu huipenda wenyewe, kwisha habari: hatua ya 8 malkia anatua c1, chekimeti. Ni tamu hiyo, acheni. Kuna siku nimeifanya mara tatu kabla ya kupiga mswaki.

"Na akitoa farasi c3 badala ya askofu?"

"Hawatoi."

"Mjomba, katika hii 50, kumi na mmoja wametoa farasi. Wote wana zaidi ya 2,200."

Kimya. Kumbe ule ukuta ninaougonga kila wiki ni watu wanaotoa farasi. Chini yake nawavuna wasiojua, juu yake navunwa na wanaojua, na mimi katikati napanda na kushuka nikidhani ni bahati.

Hatua za mapema nazo sitaki kuzisimulia sana. Ni pale unapopanga hatua kabla mwenzio hajacheza, ukiwa na uhakika atakula. Hakula. Malkia wangu akaenda peke yake kulipa kisasi cha kipigo ambacho hakikutokea. Tuendelee.

Kilichoniuma zaidi ni mwisho wa mchezo. Kijana aliniwekea ubaoni mfalme wangu g8, kitunda changu g7, hatua moja kuwa malkia, ngome yangu f1. Mfalme wake e7, ngome yake h2 inamzuia wangu asitoke. "Nyeupe anashinda. Shinda." Nikazunguka na ngome dakika kumi kama mtu aliyepoteza funguo. Nimefika hapo mara ngapi mtandaoni? Mara nyingi. Nilikuwa nashinda vipi? Kwa saa ya mwenzangu.

Akanionyesha. Ngome inaanza na cheki kumfukuza mfalme wake mstari mmoja zaidi, kisha inapanda safu ya nne na kusubiri. Mfalme wako anatoka mafichoni, anapigwa cheki nyuma, anashuka ngazi kwa ngazi kuifuata ngome yake, na mwisho ngome inasimama kati yake na cheki. Wanaita kujenga daraja. Mkao wenyewe una jina la Lucena, Mhispania aliyechapisha kitabu cha sataranji mwaka 1497, na katika kitabu chake haumo. Haumo! Mtu amepewa daraja ambalo hakuliandika, mimi niliyeitumia gambiti ya Englund miaka sita sijapewa hata kichochoro.

Dozi yake ikawa hii. Nikishindwa mara mbili mfululizo nizime, maana nusu ya ile 50 ilichezwa baada ya saa sita usiku chini ya kauli ya "mmoja tu wa kulalia". Nicheze dakika tatu na nyongeza ya sekunde mbili kila hatua, ndivyo inavyochezwa hata fainali ya dunia ya blitsi. Na kila siku mchezo mmoja mrefu, dakika 15, nao uwe na nyongeza. Akaniambia saa ya nyongeza aliivumbua Bobby Fischer, akapata hataza Marekani mwaka 1989, ili mtu asishindwe mchezo alioushinda eti kwa sababu ya saa.

Nikamwambia Fischer namheshimu, ila sekunde za msaada sizichukui. Nyingine nitajaribu.

Jana usiku nikacheza huo mrefu. Dakika 15, kavu. Ndugu zangu, nilifikiri. Kitunda cha b2 kilirudisha kipigo kwa sekunde mbili. Hatua ya 24 nilikaa dakika nne nzima nikamwona askofu wa watu anavyonitazama malkia, nikamwondoa. Askofu wangu alitaka kwenda h7, nikamshika mkono. Nilijiona mtu mwingine kabisa, nikanyoosha mgongo, nikazima taa kubwa.

Tukafika mwisho wa mchezo. Ngome kwa ngome, kitunda changu g7, mfalme g8. Nikautambua mkao kama uso wa jirani. Nikapiga cheki, mfalme wake akakimbia. Ngome ikapanda safu ya nne. Mfalme akatoka, akapigwa cheki, akashuka. Akapigwa cheki, akashuka. Nikaliona daraja lote mpaka ng'ambo, na nikakaa kidogo kulitazama, kwa sababu lilikuwa zuri.

Bendera iliyoanguka, yaani saa iliyoisha, ilikuwa yangu. Miaka sita naangusha za watu, sijawahi hata kutazama kona ile ya kioo ninapokuwa naongoza.

Saa saba usiku nikampigia picha ya ubao nikamtumia. Alijibu asubuhi akiwa njiani kwenda shule: "Shikamoo mjomba. Mchezo mzuri kuliko yote niliyoona kwako. Nyongeza je?"

Sijamjibu. Na hiyo gambiti ya Englund nimeicheza mara nne tangu niamke. Wawili wameleta askofu.