Paka Wangu Anaagiza Panya Kutoka Nje

Kabla hatujaleta paka, nyumba yetu ilikuwa na panya mmoja. Mmoja tu, tena namfahamu kwa sura: mnene kiasi, sikio la kushoto limechanika, makazi yake nyuma ya friji. Alikuwa akikwaruza makaratasi kuanzia saa tano usiku hadi saa saba hivi, kisha anatulia kama watu wengine wenye kazi kesho yake. Lakini mke wangu akasema, "Baba Neema, humu ndani ama nikae mimi, ama akae huyo panya." Nilifikiri kidogo, na kule kufikiri kwenyewe kuliniponza, nikanuniwa siku mbili. Basi nikaleta paka.

Leo ni mwaka na miezi minne. Katika muda huo nimetoa humu ndani panya 11, wazima kabisa, kwa ufagio na ndoo. Hakuna hata mmoja aliyeingia kwa miguu yake. Wote 11 waliletwa mdomoni na paka. Zamani panya wetu alikuwa wa humu humu. Sasa tunaagiza kutoka nje. Na yule wa nyuma ya friji bado yupo.

Paka anaitwa Mpole. Jina walimpa watoto siku alipofika, wakati huo anaenea ndani ya kiatu changu na analia kama mlango usiotiwa mafuta. Siku hizi nikimwita jina hilo mbele ya wageni naona haya, hasa akiwa na unyoya umening'inia pembeni mwa mdomo.

Ngoja niwaeleze habari ya ndala. Asubuhi moja niliamka gizani, nikaingiza mguu wa kushoto kwenye ndala, salama. Nikaingiza wa kulia, ukakuta kitu. Kikajipinda. Nilipiga ukelele ambao mke wangu anadai uliamsha majirani. Mimi nasema majirani walikuwa wameshaamka. Kuwasha taa, naona mkia wa mjusi. Mkia mtupu, mwenyewe hayupo, nao unajinyonganyonga ndani ya ndala yangu kana kwamba umechelewa mahali. Ndivyo mjusi anavyojiokoa: akibanwa anauachia mkia, mkia unabaki kucheza dakika kadhaa, adui anahangaika nao, yeye huyo, ametoroka. Ujanja mzuri sana. Umemfaa mjusi. Umemfaa hata Mpole, aliyekuwa amekaa mlangoni, mkia wake mwenyewe ameuzungusha miguuni vizuri, anasubiri niseme ahsante. Aliyeingia hasara ni mwenye ndala. Mjusi nilimwona jioni juu ya saa ya ukutani, nyuma kumekatika butu, ananiangalia mimi. Si paka. Mimi.

Wajuzi wa paka wanasema hiyo ni zawadi. Wengine wanaeleza kwamba paka jike huwaletea watoto wake mawindo, kwanza yaliyokufa, baadaye yenye uhai uhai, ili wajifunze kuua. Sasa Mpole ni dume, watoto hana, shule yake ameamua kuifungulia kwangu. Yaani mimi, mtu mzima, mwenye kitambulisho na madeni, machoni pa huyu mnyama ni mwanafunzi wa darasa la kwanza, tena anayerudia.

Somo huwa saa tatu usiku, tukiwa sebuleni. Mpole anaingia dirishani na mlio fulani mzito, wa mtu anayeongea huku mdomo umejaa. Ukiusikia ujue mdomo umejaa kweli. Anafika katikati ya zulia, anatutazama mmoja mmoja kuhakikisha darasa limetimia, kisha anaachama. Panya anaanguka, anatulia kidogo akipiga hesabu zake, halafu anachomoka.

Hapo ndipo mtu unapojua umeoa nani. Mke wangu, aliyesema "ama mimi ama panya", yuko juu ya meza kabla sijainuka. Neema yuko juu ya kochi anashangilia, sijui anamshangilia nani. Mdogo wake analia, anamwonea huruma panya. Mimi nimelala kifudifudi, ufagio mkono huu, ndoo mkono huu, simu nimeibana kwa kidevu namulika chini ya kabati. Kule ndani macho mawili madogo yananitazama. Nageuka, nakuta mawili mengine yananitazama kutoka nyuma: Mpole, amekaa kando ya mguu wa meza, anaramba kiganja, anapanua vidole kimoja kimoja na kusafisha katikati yake, kama msimamizi wa mtihani asiye na haraka. "Si umkamate!" namwambia. Anahamia kiganja cha pili. Siku moja nilitumia dakika 40. Nilipofanikiwa kumfunika panya kwa ndoo, Mpole alikuja, akanusa ndoo, akapiga miayo, akaenda kulala kwenye nguo zilizopigwa pasi.

Na msiniambie ni njaa. Bakuli lake linajaa kabla ya sahani yangu. Kwa paka njaa ni idara moja na uwindaji ni idara nyingine kabisa, na hizo ofisi mbili hazisalimiani. Mawindo yake ni vitu vidogo vidogo, kwa hiyo paka anayejitegemea lazima akamate mara nyingi kwa siku, na mara nyingi anakosa. Akingoja tumbo limuume ndipo aanze kuvizia, atakufa amevizia. Basi kikipita kitu kinachotambaa mwili unaondoka kwanza, tumbo linaulizwa baadaye. Nimemwona akiacha tonge limeninginia kwenye meno, akarukia nzi, akamkosa, akarudi kumalizia tonge kana kwamba hakuna aliyeona. Niliona.

Jirani yangu naye haachi kunichokoza. Alinisomea simuni habari za paka wa Uskoti aliyeitwa Towser, jike wa kiwanda cha pombe cha Glenturret, aliyeishi kuanzia 1963 hadi 1987 na akaingia kwenye kitabu cha Guinness kwa kuua panya 28,899. "Ishirini na nane elfu," jirani akasema, "na wako?" Nikamjibu wangu yuko kwenye hasi 11. Nami nikamtolea wa kwangu: Larry, paka wa nyumba namba 10 Downing Street, London, anayefanya kazi ya kukamata panya kwa waziri mkuu wa Uingereza tangu 2011. Mawaziri wakuu wanakuja na kuondoka, yeye yupo, na magazeti ya kwao yameshamwandika mara kadhaa kwamba amezidi kulala. Nikajisikia nafuu. Kumbe hata ikulu za watu zina Mpole wao.

Kisha nikapata wazo la kengele. Mnakijua kile kisa cha panya waliokutana wakaazimia paka afungwe kengele, azimio likapita kwa kishindo, mpaka mzee mmoja akauliza nani atakayemfunga? Mimi ndiye niliyemfunga. Kikao kizima cha panya kilishindwa, nikaweza peke yangu, kwa gharama ya mikwaruzo sita na shati moja. Wiki ya kwanza nyumba nzima ililia njii njii njii, nikatembea kifua mbele. Wiki ya pili kukawa kimya. Nikadhani kengele imeanguka. Haikuanguka. Bwana alikuwa amejifunza kutembea shingo imekaza, kichwa hakitikisiki, kama mtu aliyejitwika maji. Kengele sasa analiza akitaka yeye, yaani saa kumi na nusu alfajiri, kando ya sikio langu.

Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba ningeuliza kwanza nisingechanika. Alisoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, mwaka 2021 walijaribu njia mbalimbali kwa paka wa majumbani. Kengele haikuonyesha tofauti ya maana. Waliopewa chakula chenye nyama nyingi walileta nyumbani mawindo pungufu kwa asilimia 36. Waliochezeshwa dakika tano hadi kumi kila siku, mawindo yao yalipungua kwa asilimia 25. "Umeona?" mke wangu akasema. "Anataka nyama na mtu wa kucheza naye." Nikamwambia hata mimi. Hakucheka.

Kwa hiyo siku hizi nyama ya paka inanunuliwa kwanza, na kila jioni nikitoka kazini navua viatu nashika fimbo yenye kamba na unyoya, nauburuza sakafuni. Mtu wa umri wangu. Mpole analala nyuma ya pazia, mkia nje, akiamini hajaonekana. Mboni zinapanuka mpaka macho yote yanakuwa meusi, makalio yanatikisika kushoto kulia, kushoto kulia, unajua sasa anakuja, halafu haji. Anangoja nipumue. Akiruka na kuudaka unyoya, akiuangusha chini ya kidevu chake mwenyewe, anaupoteza! Uko pale, sentimita tano kutoka puani, anautafuta kwa sharubu kama mtu anayepapasa miwani. Paka haoni vizuri kitu kilicho karibu sana na uso. Mwuaji huyu anayeona panya gizani hawezi kuona kilicho chini ya pua yake. Ndiyo maana akikamata panya humpigapiga, humwachia, humrudia: anamchosha kwanza, kwa sababu panya naye ana meno, na uso wa paka ndio unaokaribia meno hayo. Watoto wanaita ukatili. Mimi nimekuja kuona ni woga wa kitaalamu. Baada ya dakika kumi mmoja wetu anakuwa hoi, na huyo si yeye.

Masikio hayo nayo. Kila sikio lina misuli zaidi ya 30, linageuka peke yake kama antena, linasikia sauti nyembamba za panya ambazo mimi na wewe hatutazisikia kamwe. Nikiita "Mpole!" sikio moja linageuka nyuma, linanisikiliza, linarudi mahali pake. Kingine hakuna kinachosogea. Watafiti wa Kijapani waliandika mwaka 2013 kwamba paka huitambua sauti ya bwana wake vizuri tu, ila kwa kawaida hainuki kuja. Nilisoma hiyo mara mbili, nikasikia uchungu mara mbili.

Usiku sasa. Kwa siku nzima analala masaa 12 na zaidi, mengi yake mchana, kwa hiyo usiku yeye ni kijana. Paka huchangamka hasa machweo na alfajiri, panya wanapotoka kwenda shughuli zao, na kwa kuwa kitandani hakuna panya, anatumia vilivyopo. Vilivyopo ni miguu yangu. Kidole kikisogea chini ya shuka, hata sentimita moja, gizani kule mwisho wa kitanda kunakuwa kimya cha ajabu. Halafu kucha. Nimemtoa chumbani mara kadhaa. Analia mlangoni mpaka mke wangu anasema paka wa nyumba haingwa, mfungulie. Miguu ya mke wangu hajawahi kuigusa. Sijui walikubaliana nini.

Juzi saa kumi alfajiri nikaona kiu, nikaenda jikoni. Sikuwasha taa kubwa, nilimulika kwa simu. Mpole alikuwa amekaa kando ya bakuli lake. Na ndani ya bakuli, miguu ya mbele imo, sikio la kushoto limechanika, alikuwa yule mzee wa nyuma ya friji, anakula nyama niliyoinunua mimi.

Nilisimama pale nikitafuta maelezo. Mpole alikuwa anamtazama, mkia unagonga sakafu taratibu, tap, tap. Alipouchezesha mwili kidogo kama anayetaka kuruka, panya akaganda. Hakukimbia. Hakupepesa. Akawa jiwe. Mpole akangoja, akangoja, akachoka, akageuza kichwa kumwangalia nondo. Panya akatafuna. Mpole akamrudia, panya akaganda. Hapo ndipo nilipoelewa mwaka na miezi minne. Kinachomwasha paka ni kitu kinachokimbia. Wale 11 wote walikimbia, wakaishia kwenye ndoo. Mzee huyu aligundua siri mapema na akakaa nayo kimya, kama watu wenye akili wanavyofanya.

Wote wawili wakaniangalia, kama mtu aliyefungua mlango wa kikao asichoalikwa. Nikanywa maji yangu. Nikazima simu.

Nikarudi kitandani nikiwa nimepata elimu. Nikajifunika, nikanyoosha miguu, nikajiambia leo nami ni jiwe. Baada ya muda godoro likabonyea upande wa miguuni. Kimya. Sikupumua kwa nguvu. Nikahesabu mpaka mia moja na kitu, naye hakushambulia, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba hii nikahisi nimefaulu mtihani.

Ndipo kidole gumba cha mguu wa kulia kilipoanza kuwasha.