Tangu Feisal, 1965: daftari la mabingwa linasema nini juu ya Bandari?

Pale Mwembe Tayari, jioni kahawa inapomiminwa, huja mzee mmoja na daftari la shule ambalo jalada lake limelainika kwa kushikwa. Ndani ameandika mabingwa wa Ligi Kuu ya Kenya tangu 1963, mwaka kwa mwaka, na timu ya Pwani ikitwaa taji huipigia mstari wa wino mwekundu. Mstari mwekundu ni mmoja tu: Feisal, 1965. Kijana akisema mwaka huu ni wa Bandari, timu yetu ya Mombasa, mzee huufungua ukurasa huo, huweka kidole kwenye jina la Feisal, kisha hukiteremsha taratibu, jina baada ya jina, bila kusema neno.

Juzi kijana mmoja hakustahimili. "Ami, daftari halichezi mpira," akamwambia. Mzee akamjibu, "Wala ndoto hazichezi, mwanangu." Mjadala ukawaka hadi kahawa ikapoa vikombeni. Mimi nilikaa nikiwasikiliza, na tangu siku ile swali lao halijanitoka, maana naipenda Bandari na nataka kujua kama ninachokiita matumaini kina msingi wowote.

Nianze na mzee, kwa sababu hoja yake ni nzito kuliko vijana walivyotaka kukubali. Chukua ligi ya timu 18, Pwani ina timu moja, na kila timu ina nafasi sawa ya kuwa bingwa. Kwa hesabu hiyo Pwani ingekosa taji mara 17 katika kila mara 18. Ukiizidisha hesabu hiyo yenyewe kwa yenyewe kwa misimu 60 hivi iliyopita tangu Feisal, nafasi ya kukosa yote mfululizo ni kama asilimia 3 au 4 tu. Ni kweli ligi haikuwa na timu 18 miaka yote, na kuna miaka Pwani ilikuwa na timu zaidi ya moja na miaka ambayo haikuwa na yoyote. Lakini ukame wa namna hii mtu hawezi kuuita bahati mbaya akaridhika. Lipo linalotuzuia.

Sehemu yake tunaijua. Timu nyingi za ligi ziko Nairobi na kandokando yake, zinacheza mechi kadhaa za ugenini kisha wachezaji wanalala vitandani mwao. Bandari ikicheza ugenini husafiri karibu kilomita 500 kabla haijafika Nairobi, na zaidi ya hapo ikienda Kakamega au Awendo. Mwaka 2019, Bandari ilipocheza Kombe la Shirikisho la Afrika, mechi za nyumbani ilizichezea Kasarani kwa sababu mji wetu haukuwa na uwanja unaokubalika. Timu ya Mombasa inamkaribisha mgeni Nairobi! Mzee akiyaongeza haya kwenye daftari lake, kidole chake kina haki ya kuteremka.

Tatizo langu ni namna anavyolisoma. Daftari lile lile, likigawanywa vipande viwili vya misimu 13, linatoa tabiri mbili zinazopingana.

Kuanzia 2000 hadi 2012 mabingwa walikuwa Tusker mara nne, Ulinzi mara nne, Oserian mara mbili, kisha SoNy Sugar, Mathare United na Sofapaka mara moja moja. Klabu sita, na wala Gor Mahia wala AFC Leopards, vigogo wa soka letu, haimo. SoNy walichukua 2006, Mathare 2008, Sofapaka 2009, wote kwa mara yao ya kwanza. Sofapaka walikuwa ndio kwanza wamepanda daraja. Mtu aliyekuwa na daftari wakati ule angeapa kwamba ligi yetu ni ya majina mapya, na kwamba Gor, waliochukua la mwisho 1995, wamekwisha. Ukame wao ulifika miaka 18.

Kisha 2013 Gor wakashinda. Kutoka hapo hadi 2024/25 waliongeza mataji tisa, la mwisho kati ya hayo likiwa la 21. Tusker wakapata matatu, na lililobaki likaenda kwa Kenya Police mwaka 2025. Klabu tatu tu katika misimu 13. Leopards nao, wenye historia inayowatosha wajukuu na vitukuu, hadi 2024/25 walikuwa wakisubiri tangu 1998. Jina kubwa halikuwasaidia, kama vile jina dogo halikuwazuia Sofapaka.

Kwa hiyo historia haina kazi? Hapo ndipo ninapoachana na vijana. Mvuvi wa Old Town anajua kusi, ule upepo wa msimu, itakuja. Hajui hivyo kwa sababu tu ilikuja mwaka jana. Anajua kwa kuwa kuna kinachoileta, na dalili zake anaziona mapema, kwenye rangi ya maji na mwelekeo wa mawimbi. Mazoea yenye sababu ndiyo yanayotabirika. Nikikuta mazoea kwenye daftari la mabingwa, swali langu la kwanza ni hilo: nini kinachoyaleta?

Rudi kwenye kile kipande cha 2000 hadi 2012. Ulinzi ni timu ya jeshi. Tusker ni ya kampuni ya bia, Oserian ilikuwa ya shamba la maua la Naivasha, SoNy ya kiwanda cha sukari. Mataji 11 kati ya 13 yalikwenda kwa timu zenye mwajiri nyuma yao: mshahara unaoingia mwisho wa mwezi, basi la timu, kazi baada ya kustaafu. Police ni mfano mwingine wa aina hiyo. Na Bandari? Ni timu ya Halmashauri ya Bandari, KPA. Kwa kipimo cha mwajiri, Bandari imo kundi moja na mabingwa, na jambo hilo mzee hana safu yake kwenye daftari.

Ila mwajiri anayetoa ndiye anayeondoa. Oserian walishinda mara mbili mfululizo kisha wakaachana na soka. SoNy waliishia kutolewa ligini baada ya kushindwa kufika kwenye mechi. Fedha za shirika hazitoshi kama hazina subira.

Na subira ndiyo iliyotuponyoka mara ya mwisho tulipokaribia. Bandari ilimaliza ya pili 2018, ikamaliza ya pili tena 2018/19, zote nyuma ya Gor, na 2019 ikatwaa Ngao ya FKF, kombe la shirikisho la soka la Kenya, kwa kuifunga Kariobangi Sharks 3-1. Ikavuka hadi mchujo wa Kombe la Shirikisho la Afrika, ikatolewa na Horoya ya Guinea. Mtu akiangalia ngazi hizo angesema iliyobaki ni moja tu. Lakini kipa Faruk Shikhalo alikwishaondoka kwenda Yanga, na kocha Bernard Mwalala hakuumaliza msimu uliofuata. Hadi 2024/25, nafasi ya pili haikuonekana tena Mbaraki, nyumbani kwa Bandari.

Linganisha na Police. Walipanda Ligi Kuu 2021, wakachukua kombe la FKF 2024, na mwaka mmoja baadaye wakachukua ligi. Bandari ilichukua kombe 2015 na 2019, na kila mara kombe likawa kilele badala ya kidato. Mifano miwili mitatu si ushahidi wa kutosha, nakubali. Lakini inanionyesha pa kutazama vizuri kuliko miaka 60 ya kidole.

Nikilazimishwa kutaja namba, Bandari inayobadilisha kikosi kila dirisha la usajili ningeipa nafasi moja kati ya 15 kwa msimu. Inasikika ndogo, lakini itazame kwa misimu kumi: uwezekano wa kupata angalau taji moja unakaribia nusu. Mzee akisema "si mwaka huu" mara nyingi atakuwa sahihi. Akisema "kamwe", hesabu haimuungi mkono. Na kijana anayesema "mwaka huu" kila mwaka naye ajue kwamba kwa namba hiyo atakosea mara 14 kabla ya kupatia moja.

Jana nilimwomba mzee ruhusa nichore safu ya pili kwenye daftari lake, pembeni mwa mabingwa: nani wa kikosi cha kwanza cha Bandari alibaki Mbaraki msimu ulipofunguliwa, na nani aliondoka. Alinitazama kidogo, akanipa kalamu. Tulianza na 2019, upande wa walioondoka, kwa jina la Shikhalo.