Mkuu wa shule hakomazwi na vyeti vya semina

Kila anapoteuliwa mkuu mpya wa shule, ushauri anaomiminiwa ni uleule: ongeza shahada, hudhuria semina za uongozi, jifunze kuhutubia. Ushauri huu unaniudhi. Mtu anaufuata wote, anaingia ofisini, anazungukwa na mafaili, na miaka michache baadaye anaijua stoo ya shule kuliko anavyojua wanafunzi wake wanajifunza nini kipindi cha pili.

Ninaamini mkuu wa shule hukomaa katika mazungumzo anayofanya na mwalimu baada ya kukaa darasani kwake. Mtafiti wa elimu Viviane Robinson na wenzake walipochambua tafiti za uongozi wa shule mwaka 2008, jambo lililohusiana zaidi na matokeo ya wanafunzi lilikuwa kiongozi kukuza ujifunzaji wa walimu na yeye mwenyewe kushiriki humo. Kuagiza tu hakutoshi.

Wala kuzungukia madarasa hakutoshi. Mwaka 2013 watafiti Grissom, Loeb na Master walichapisha utafiti wa wakuu wa shule wapatao 100 wa Miami-Dade, Marekani. Muda uliotumika kuwanoa walimu uliendana na wanafunzi kupiga hatua. Muda wa kupita madarasani uliendana na kinyume chake, hasa sekondari, na maelezo waliyoyatoa ni kwamba mara nyingi matembezi hayo hayakuwa sehemu ya mpango wowote wa kuboresha ufundishaji. Mkuu anachungulia, anatikisa kichwa, anaondoka. Mwalimu anabaki na wasiwasi, na hakuna alichojifunza.

Basi ifanywe hivi. Siku moja kabla, muulize mwalimu anataka umtazamie nini. Ingia kabla kipindi hakijaanza na ukae hadi mwisho. Usiketi nyuma, maana utaona visogo. Keti pembeni karibu na mbele, uone nyuso za wanafunzi. Chora ramani ya viti, kila anayeulizwa swali mwekee alama. Mara nyingi alama zitajazana mbele na katikati, na pembeni kutakuwa na watoto ambao kipindi kizima hawakutamka neno. Hesabu pia sekunde kati ya swali na mwalimu kuingilia tena. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alikuta kwamba walimu aliowachunguza walisubiri kama sekunde 1 tu kwa wastani. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza. Kisha fungua madaftari matano, ya wenye uwezo tofauti, uone kama makosa yaliyosahihishwa yamefanyiwa kazi au wino mwekundu umeishia hapohapo.

Andika kilichosemwa na kilichotendeka. “Darasa halikuwa changamfu” ni hukumu, na mwalimu ataibishia. “Maswali 14, wanafunzi 5 tu walioulizwa” ni kitu ambacho mnaweza kukitazama pamoja.

Mazungumzo yafanyike siku ileile, dakika 15 au 20, darasani kwake ikiwezekana, kwa sababu kule ofisini ile meza kubwa inamgeuza mwalimu kuwa mshtakiwa. Weka ramani mezani, uliza, “Unaona nini hapa?” kisha nyamaza. Hapa ndipo wakuu wengi hushindwa: ukimya unawachoma, wanaanza kuhubiri. Chagueni jambo moja tu. Ukimpa mwalimu mapungufu saba hatafanyia kazi hata moja. Jambo hilo mwalimu aanze kulijaribu hapohapo: aandike maswali matatu ya kesho na aseme atamuuliza nani na atasubiri vipi. Andikeni tarehe ya kurudi, isizidi wiki mbili, na siku hiyo utazame jambo hilohilo peke yake. Usiporudi, walimu watajua kwamba ulikuwa unajaza fomu.

Na fomu zenyewe, zile za visanduku thelathini na nafasi ya sahihi chini, zitumike kwa tathmini rasmi kama mamlaka zinazitaka. Zisiingizwe katika kazi hii. Mwalimu akihisi kwamba alama zako zitaishia kwenye faili lake, atakuandalia kipindi cha maonyesho, na utakuwa umetazama kitu kisichokuwepo siku nyingine.

Muda utatoka wapi? Kwenye ratiba, kabla muhula haujaanza. Shule ya walimu 24 inahitaji ziara 48 ukihesabu za kurudia; kwa wiki 12 ni ziara 4 kila wiki. Mkuu achukue mbili, makamu na mwalimu wa taaluma wachukue moja moja. Katika vipindi hivyo mkuu aitwe tu kwa jambo la usalama wa mtoto au dharura isiyoweza kusubiri saa moja. Mengine yaandikwe kwenye daftari la mapokezi.

Nakubali, fedha nazo hazikwepeki: asiyeweza kusoma daftari la fedha ataongozwa na mhasibu wake. Semina ya siku mbili kuhusu hilo inafaa. Ila shughuli nyingine za ofisi zisile muda wa madarasani: vikao vifupishwe, matangazo yabandikwe ukutani.

Mkuu naye lazima atazamwe. Kwa ridhaa ya mwalimu, makamu aketi katika mazungumzo hayo mara moja kwa mwezi akiwa na saa mkononi, apime mkuu alizungumza dakika ngapi. Zikizidi nusu, mkuu alikuwa anahutubia. Somo likiwa nje ya taaluma yake, aende na mkuu wa idara, na aulize waziwazi asichokielewa. Mwalimu anayemwona mkuu wake akiuliza kuhusu ukokotoaji au sarufi hapungukiwi heshima kwake. Anapata ruhusa ya kuuliza pia. Na mwalimu akikataa kutazamwa, mkuu aanze kwa kumwalika yeye aje amtazame mkuu akifundisha. Kila mkuu abaki na angalau kipindi kimoja kwa wiki, hata kama ratiba imejaa, na mlango wa darasa hilo uwe wazi kwa mwalimu yeyote mwenye kalamu na ramani ya viti.