Vihisi vya seli za kinga: pua nzuri, ila tuangalie ilifundishwa nini

Asante kwa makala hii kuhusu vihisi vinavyotambua upesi kama seli za kinga zimeamshwa au bado zimetulia. Nimefanya kazi maabara miaka kadhaa, na naona kuna jambo limepitwa haraka mno.

Njia tuliyoizoea ni kuzibandika seli kingamwili (protini zinazonasa alama maalumu) zenye rangi ing'aayo, kisha kuzipitisha moja moja mbele ya leza. Ni njia ya kuaminika, lakini lazima ujue mapema unatafuta alama gani. Kwenye seli T, aina mojawapo ya seli za kinga, alama iitwayo CD69 (protini ya juu ya seli) hujitokeza saa chache tu baada ya kuamshwa. Alama nyingine, CD25, huchelewa zaidi. Ukikosea muda wa kupima, utaandika "zimetulia" kumbe vita vimeshaanza.

Kihisi kinachoelezwa kwenye makala hufanya kazi kama pua. Pua haina kipokezi maalumu cha harufu ya waridi. Husoma ishara za vipokezi vingi kwa pamoja. Vivyo hivyo molekuli kadhaa hugusa utando wa seli, kila moja hung'aa kwa kiwango chake, na kompyuta hujifunza mchoro mzima.

Sasa wasiwasi wangu. Makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, hazigawanyiki katika makundi mawili tu: M1 zinazochochea uvimbe na M2 zinazoutuliza. Katikati kuna hali nyingi mno. Kompyuta iliyofundishwa makundi mawili italazimisha kila seli iingie mojawapo. Ndiyo maana natamani sana kuona majaribio ya damu ya wagonjwa wenyewe, hasa wenye sepsisi (mwitikio wa mwili kwa maambukizi unaohatarisha maisha), ambao hawana saa za kusubiri majibu, badala ya seli zilizokuzwa kwenye sahani peke yake.