Sikumwangukia Bosi, Ulikuwa Mguu Mmoja Tu

Naona jirani yangu wa meza ameshawasimulia kwamba nimemwangukia bosi kutoka darini. Uongo mtupu. Ulishuka mguu mmoja, na jipsamu kidogo.

Ile programu yangu ya kupeleka mauzo kwenye seva mnaijua. Rekodi 9,000, dakika 6, na seva ipo chumba cha pili! Nikaapa ni waya. Nikabadilisha waya. Nikanunua swichi ya mtandao kwa hela yangu, kiburi tu. Dakika 6 vilevile. Basi nikapanda darini kuufuata waya wenyewe, bosi kanishikia ngazi.

Huku chini binti wa fildi, ana wiki mbili tu ofisini, akafungua tcpdump, programu ya kuchungulia data inavyopita kwenye mtandao. Namsikia: "Kaka, samahani, mbona kila rekodi inakwama milisekunde 40? Waya mbovu ungeyumbayumba. Hii haiyumbi."

40 mara 9,000. Zidisheni wenyewe, mimi nilizidisha nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi.

Akaendelea, kwa adabu inayouma: "Rekodi moja inatumwa vipande viwili. Cha kwanza kinapiga hodi. Cha pili kinazuiwa na kanuni ya Nagle, ile ya 1984, mpaka hodi iitikiwe. Na Linux, mfumo unaoendesha seva, haina haraka, inaishikilia 'karibu' yake ili itoke pamoja na jibu. Jibu litatokaje wakati kipande cha pili hakijafika? Wanaoneana haya mlangoni mpaka 40 zinaisha."

Kisha, kwa nia njema kabisa, Mungu anamwona: "Kwani nani kaiandika?"

Jamani. Bosi akainua uso. Polepole. Kwanza nikaona kipara, halafu paji, halafu macho. Nikajifanya sijasikia. Nikajivuta nyuma ya boriti nijifiche, mguu ukakanyaga jipsamu tupu, ukazama hadi gotini. Kiatu kikachomoka, kikatua begani kwake. Kiatu, nasema. Si mimi.

Nikiwa nimening'inia hivyohivyo ndipo nikasema, "Mimi."

"Kumbe na wewe unachelewa kuitikia," bosi akasema.

Vipande nimeviunganisha kuwa kimoja, TCP_NODELAY, ile ya kuizima kanuni ya Nagle, nimeiwasha, sasa ni sekunde chache. Jipsamu inakatwa kwenye mshahara.

Swichi ipo, na boksi lake. Bei maelewano, njoo inboksi.